Kikapu cha Shemeji

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mzee Hatua, alizaliwa tarehe 9 Mei 1952, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha sekondari ya ufundi, ambako aliupenda mpira wa kikapu kuliko mpira wa kikapu ulivyompenda yeye. Mwalimu wa michezo alipoona hafungi hata kwa bahati, alimpa filimbi ili asimpoteze kabisa.

Alifuzu uamuzi mwaka 1976, akachezesha ligi kuu hadi 2007. Jina la Hatua alilipata kwa sababu hakumwachia mchezaji aliyetembea na mpira bila kuudunda. Hata nyumbani, mtoto aliyekimbia na sahani alipulizwa filimbi.

Mwaka 1980 alimwoa dada wa nahodha wa timu ya kiwanda cha nguo. Harusini hakuna aliyecheza kumshinda shemeji huyo. Lakini katika fainali ya 1988 shemeji alifunga kikapu cha mwisho, cha ubingwa, na marehemu akakikataa: umetembea. Shemeji akasusa. Hakukanyaga tena nyumbani kwao, na kwenye shughuli za ukoo alikaa meza ya mbali. Mke alibaki katikati, akiwapenda wote wawili, na iliumiza. Marehemu naye alikuwa mbishi, tuseme ukweli. Kila alipobembelezwa alijibu kwamba aliona vizuri.

Mwaka 2021 koo lilianza kumsumbua. Upasuaji ulimwachia uhai, ukachukua sauti, akawa anaongea nasi kwa ishara za uwanjani. Akiomba mapumziko, wageni tulijua tuage.

Januari 2023 shemeji alikuja hospitali, akasimama mlangoni mwa wodi. Marehemu alimtazama kitambo, akainua vidole viwili, akavishusha kwa kukunja kiganja. Ndiyo ishara ya kikapu kuhesabiwa.

"Miaka yote hii, bwana," shemeji alisema, "ndiyo unahesabu leo?"

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akalia. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyemnyoa ndevu, hadi marehemu alipofariki alfajiri ya tarehe 2 Machi.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na shemeji, ambaye ametuomba tuandike hapa kwamba siku ile, kwa kweli, alitembea.

Pumzika kwa amani, Mzee Hatua. Uliona vizuri.