Wilhelmina Ndalahwa na Muziki wa Mashine

Mwishoni mwa Juni 2004, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi katika redio yetu ya umma, Bi Wilhelmina Ndalahwa anastaafu. Bariadi wanamwita Mayu, yaani mama, na hapa ofisini hatukumwita vingine.

Alianza kama ripota wa habari za pamba, lakini hakutulia. Akitumwa Ipililo kuwahoji wakulima, alirudi pia na kanda ya ngoma ambayo hakuna aliyemwagiza. Mwishowe akapewa kipindi cha muziki cha Jumamosi.

Soko huria lilipoleta vinanda vya umeme na redio binafsi, Mayu alikosa raha kabisa. Vijana walikuwa wanatuhama, nasi tulikuwa tunapiga nyimbo zilezile. Mwaka 1997 akamkuta Luhaga, fundi redio wa mjini Bariadi, akipiga mapigo ya ngoma ya Kisukuma kwa kinanda cha betri. Alimrekodi na kumrusha hewani Jumamosi iliyofuata.

“Huo si muziki, ni mashine inajipiga yenyewe,” mwenyekiti wa kamati ya muziki alimwambia.

“Basi twende Bariadi ukaione inavyojipiga,” Mayu akajibu.

Kipindi kikasimamishwa. Akarudishwa kwenye pamba, na onyo kwamba akirudia atafukuzwa kazi. Miezi ile hakukukalika naye: alizima redio binafsi tulizosikiliza, kisha akaziwasha mwenyewe.

Baada ya mavuno alikwenda Kimali kwa habari za pamba, akakuta mashindano ya ngoma. Luhaga alikuwepo na kinanda chake. Wazee walinung'unika, mpaka Nyanjige, bibi anayeheshimika kwa kucheza, alipoingia uwanjani. Mayu akamsogezea kinasa sauti.

“Mimi nasikiliza kwa miguu,” Nyanjige alisema akihema. “Miguu haijauliza kama kuna betri.”

Mayu aliyaweka yote, kinanda na bibi, katikati ya kipindi cha pamba. Kesho yake hakuweza hata kunywa chai. Lakini wasikilizaji walifika ofisini wakitaka kirudiwe, na mwenyekiti, baada ya kukisikiliza mara mbili, akamrudishia Jumamosi yake.

Si kila alichorusha kilikuwa kizuri. Wimbo mmoja, alikiri, ulimuumiza jino. Hata hivyo wiki iliyopita alikuwa Bariadi akiwarekodi vijana wanaotunga muziki kwa kompyuta. Flora, anayekirithi kipindi, amekabidhiwa kanda hizo pamoja na wasiwasi wote.

Wabeja sana, yaani asante sana, Mayu. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha shambani, na jirani mwenye spika kubwa na nyimbo ambazo hujawahi kuzisikia.