Wataalamu wa Ufa wa Kanisa la Mikaeli

Kibarazani kwa Wubete, muuza kahawa, ng'ambo ya lango la kanisa la Mikaeli, kuna benchi moja na wataalamu watatu wa kila kitu. Ukuta wa kanisa umepasuka, na Jumapili hii wanakijiji wataamua: litengenezwe, au livunjwe lijengwe jingine la saruji, la pembe nne. Ayalneh, mmoja wa hao watatu, roho inamuuma. Udongo ule aliukanda baba yake, ndiyo maana wenzake wanamwita Udongo. Anatafuta wa kumuunga mkono, na bahati yake mbaya amewapata hawa wawili.

MHANDISI (banda lake la kuku lilianguka kuku wakiwa ndani): – Tuanze na ramani. Kwa nini kanisa ni la mviringo?

UDONGO: – Si ndivyo tulivyojenga hata nyumba zetu?

MHANDISI: – Acha ushamba! Shetani hujibanza kwenye kona. Mle anazunguka weee, kizunguzungu kikimshika anatoka mwenyewe.

JENERALI (jeshini alikuwa mpishi): – Uongo mtupu. Lile lilikuwa hema la mfalme. Alichelewa kuamka, likamgandia pale pale.

UDONGO: – Na yale mayai ya mbuni kwenye msalaba wa paani?

JENERALI: – Staftahi yake. Aliondoka mbio.

WUBETE (akimimina duru ya tatu ya kahawa): – Chumvi alimwachia nani?

UDONGO: – Jamani, mimi naongelea ufa!

MHANDISI: – Ufa gani? Jengo linapumua.

JENERALI: – Basi lina pumu.

Ayalneh hakujua acheke au alie. Hapo akafika mgeni na mfuko wa zana begani, fundi kutoka mji wa Gondar aliyeitwa na kasisi. Wubete akamnyooshea kikombe.

– Asante mama, nimefunga. Naingia kanisani. Samahani wazee, ule ufa umetokeza mpaka ndani? Ukiwa umetokeza, nitawaambia wavunje. La sivyo, udongo na nyasi vinatosha.

Kwa desturi ya kanisa lao, aliyekwisha kula au kunywa siku hiyo haingii ndani, husalia uani. Na wataalamu hawa, kila Jumapili, huanzia kwa Wubete na kuishia uani.

– Haya, nani hajatia kitu kinywani anipeleke?

Jenerali akayatazama mayai ya mbuni. Mhandisi akajifuta midomo. Ayalneh, mtoto wa mkandaji wa udongo, alikuwa na kikombe mkononi, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

– Baba yangu ndiye aliyeukanda ukuta ule, akasema.

– Vizuri, mzee. Ndani kukoje?

Ayalneh akakitazama kikombe chake, na fundi akavuka barabara peke yake.