Jumanne Baada ya Kosa Moja

Miaka kumi na mmoja, katika futiboli ya Kimarekani, Royce Tillman aliinama na kurusha mpira nyuma, kati ya miguu yake, kumpelekea mpigaji aupige teke, na hakuna shabiki aliyemjua jina. Jumapili iliyopita mpira wake mmoja ukapaa juu ya kichwa cha mpigaji, mechi ikapotea. Leo, ndani ya treni ya Cleveland, abiria wawili mbele yake walikuwa wakimchambua bila kumtambua.

“Kazi yenyewe kuinama tu! Hata bibi yangu anaiweza.”

“Mwache bwana, kakosea mara moja.”

“Hiyo mara moja ndiyo kazi yake! Leo timu inamjaribu mwingine nafasi yake.”

Royce akashusha kofia hadi machoni. Treni iliposimama, jamaa wa pembeni, vidole vimefungwa plasta, mpira mapajani, akamgusa bega.

“Samahani kaka, uwanja wa mazoezi nashukia wapi?”

“Hapa hapa,” Royce akajibu, na yeye mwenyewe, aliyepaswa kushukia hapo pia, akabaki kitini.