Houmadi Soulé, Bwana Shamba wa Matangi ya Ouani

Assalamu alaykum. Mimi ni Djouhara, binti mkubwa wa marehemu. Ami yangu Nassur ameniruhusu nisome wasifu wake kabla jeneza halijatoka, na anayeona mwanamke hapaswi kusoma azibe masikio.

Baba yetu, Houmadi Soulé, alizaliwa Ouani tarehe 9 Februari 1944, akasoma Kurani kwa mwalimu wake, fundi Ahamada, kisha shule ya Mutsamudu hadi 1959, na mwaka 1966 akaajiriwa na serikali kuwa bwana shamba, kazi iliyomweka ng'ambo ya bahari, Moroni penye makao ya serikali, mtaa wa Magoudjou, miaka mingi. Tarehe 20 Julai 1971 alimwoa mama yetu, Moinaecha, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1996 alikabidhiwa mpango wa serikali wa kuwatuza wakulima wanaotunza maji, yaani anayechimba makinga maji na kufunika udongo kwa nyasi hupewa saruji ya kujengea tangi la maji ya mvua, na wakulima kumi na wanne wa mlimani Ouani walitimiza yote, baba akawakagua na kuwawekea sahihi tarehe 12 Juni 1997. Agosti kisiwa chetu hiki cha Anzuani kikajitenga na serikali ya Moroni. Moroni wakasema waasi hawatuzwi, wakubwa wa hapa wakasema karatasi za Moroni hawazitambui, wakulima wakabaki na mashimo waliyochimbia matangi, saruji hakuna.

Baba alirudi Ouani, kule Moroni akiitwa msaliti, huku jasusi. Nyumbani kwa mama ilikuwapo saruji aliyoiweka ya nyumba yangu, maana kwetu baba asiyemjengea binti nyumba hana uso mbele ya wenzake, na mwezi Novemba aliitoa yote, akaipandisha mlimani kwa wale kumi na wanne aliowawekea sahihi. Nililia, nikaolewa katika chumba cha mama, na waliomcheka wapo hapa, wanajijua. Mabomba ya mtaa yalipokauka, nao walipanda kuchota kwenye matangi hayo hayo.

Figo zilimsumbua tangu Januari, akafariki leo, tarehe 14 Machi 2000, hapa Mutsamudu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliochimba kaburi, na wenzake wa kazi wa Moroni walioshindwa kuvuka bahari kuja. Wakulima wake nao tunawashukuru, walikuja asubuhi hii na mifuko ya saruji wanirudishie nyumba yangu, nimeikataa, nimewaambia waipandishe mlimani, kwa sababu tangi la mwenzao Ridjali, la kumi na nne, bado halijafunikwa.

Pumzika kwa amani, baba, tutalifunika.