Baba Mkubwa wa Kukodi

Kwetu Bwiza, ukitaka kujua habari za mtu usiende kwake, njoo ukae kwenye benchi la Sumaya. Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali, liko mbele ya cherehani yangu, na tangu asubuhi Sumaya anachemsha hapo kahawa ya tangawizi juu ya makaa. Wenyeji wa benchi ni wanne. Yuko Aboubacar, tunamwita Redio, maana anatangaza bila kuulizwa. Yuko Rachidi, fundi wa pikipiki, huyo ni Buji, yaani plagi ya injini, kwa kuwa huwaka upesi na kuzimika upesi. Yuko mzee Népomuscène, naye tunamwita Kashe, kwani maisha yake yote ya ofisini kazi yake ilikuwa kugonga muhuri, na muhuri hauhitaji maneno; mbele ya watu ulimi wake hukauka. Wa nne ni mimi Sindano, fundi nguo, mwenye akili timamu peke yangu hapo, ingawa wenzangu hawalikubali hilo. Alhamisi hiyo tulikuta ukuta wa ng'ambo ya barabara umebandikwa afishi ya teatri, tangazo la mchezo wa kuigiza: wanaume wawili wanang'ang'ania kiti kimoja, na mmoja wao ni Marcellin wetu, mwigizaji wa hapa Bwiza, meno yote nje. Kashe alipoiona alikaa chini kabla hajalifikia benchi.

— Marcellin amefika! Redio alianza kutangaza. "Kiti Kimoja", Jumamosi hii, na wiki ijayo wanapanda ndege. Lomé, Abidjan, festivali mbili! Mutoto wa Bwiza! Mi nilisema tangu zamani huyu atafika mbali.

— Ulisema atakuwa konvuayeri wa basi, nilimkumbusha.

— Konvuayeri pia anasimama juu ya kitu na anapiga kelele. Ni kazi moja.

— Mi nilimuona ndani ya "Treni ya Saa Moja", alisema Buji. Alingojea treni teatri muzima, na valizi yake kichwani.

— Tangu lini Burundi kuna treni?

— Ndiyo maana haikufika.

— Na ile ya neti ya mbu, kule vilimani? Redio aliendelea. Alicheza muzee mwenye kukataa neti. Alikataa vizuri, wallahi, mpaka wamama wa kule wakakataa kumuuzia ndizi. Wanamuambia, ni we unatuletea malaria! Lakini ile kubwa yake, ile ya kushinda zote, ni ile ya Kibenga.

Redio alijuta hapo hapo, maana Kashe alishika kichwa kwa mikono miwili.

Ile ya Kibenga haikuwa teatri. Ilikuwa doti, sherehe ya mahari, ya Régis, mtoto wa Kashe, siku tuliyokwenda Kibenga kumposea binti anayeitwa Orlane. Kwetu siku hiyo baba mzazi hasemi. Husimama msemaji wa ukoo, na upande wa binti husimama msemaji wao, wakarushiana maneno, wakakataana, wakapatana, ndipo binti akatolewa. Sasa kaka yake Kashe aliye kilimani akinywa hutukana, asipokunywa hulala. Kashe akamwomba Marcellin asimame badala yake. Kuazima msemaji si kosa, watu wengi hufanya hivyo. Kosa ni la Marcellin mwenyewe. Alipopigiwa makofi ya kwanza akapandwa na mori, akajitangaza kuwa ni baba mkubwa wa Régis, damu moja, tumbo moja na Kashe. Akasema wakati wa vita alimbeba mtoto huyu mgongoni usiku na mchana. Akalia. Bibi yake Orlane akalia. Na sisi watu wa benchi, tuliokaa pale kama wajomba, tukalia pia, ingawa tunajua vizuri kuwa Marcellin hajawahi kubeba hata mfuko wa mchele.

Tangu siku hiyo Kibenga hawataki kumsikia mtu mwingine. Kila wakipiga simu wanauliza: baba mkubwa hajambo? Baba mkubwa amekula? Wameshamwandaa aseme na kwenye harusi, mwezi ujao. Na sasa sura ya baba mkubwa ilikuwa kwenye kuta za mji mzima.

— Wakijua nimewaletea mutu wa teatri, Kashe alisema polepole, watasema hata Régis ni wa teatri. Harusi imekufa. Régis hatanisamehe, na mi sitamulaumu.

Mzee alikuwa na uchungu wa kweli. Lakini benchi letu haliwezi kukaa na uchungu wa mtu bila kuutafutia dawa.

— Iko njia, alisema Redio. Useme huyu wa afishi ni pacha yake.

— Mama yangu iko muzima, Redio, alijibu Kashe. Kwa doti alikuwepo. Nimuambie amezaa mwengine?

— Na Marcellin, si alimukubali kama mutoto wake?

— Alimukubali na roho yote. Mpaka leo anamuulizia. Anasema huyu ni bora kuliko yule alimuzaa.

— Bon! Mwenye kukubali mumoja atashindwa wawili? Wahenga wamesema, mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Hiyo inaingia wapi? niliuliza.

— Na pacha ya nyoka pia ni nyoka. Inaingia kabisa.

Buji alikuwa anazungusha kikombe chake kama anayesikiliza injini.

— Apana, alisema. Pacha anakula sahani mbili kwa harusi. Mi naona afe.

— Nani afe?

— Baba mukubwa. Amekufa kule kilimani, gafula tu. Mufu hawezi kuwa kwa afishi. Si munajua, mfa maji haachi kutapatapa?

— Huyo anatapatapa, Buji. Bado hajafa.

— Basi asifie kwa maji. Afie kwa kitanda.

— Watakuja kwa kilio, Kashe alisema. Wakwe wanaweza kukosa kilio? Watakuja na kreti za vinywaji, wamama mbele. Watataka kuona mwili.

— Marcellin atalala! alijibu Buji. Alishakufa mara ngapi huyu? Kwa "Mahakama ya Wajane" alikufa mapema kabisa, na akakaa amekufa mpaka mwisho. Mama mumoja wa hospitali akapanda kule juu kumushika mushipa.

— Shida ya Marcellin si kufa, nilisema. Shida ni makofi. Watu wakilia vizuri atainuka awashukuru.

— Tutawaambia walie vibaya.

— We sha, nani atamuambia mama mukwe alie vibaya?

Hapo mimi, mwenye akili timamu, nikajikuta nimeshika futi yangu ya kupimia na kuuliza Marcellin ana urefu gani, ili nijue sanda itakula mita ngapi.

— Marcellin ni mukristo, alisema Redio. Atavaa suti.

— Suti siwezi kumaliza kabla ya Jumamosi.

— Shona mbele tu. Nyuma atailalia.

— Na akishakufa, Sumaya aliuliza huku akipuliza makaa, kwa harusi atasema nani?

Swali hilo lilituharibia mpango. Kashe aliinua uso akatutazama mmoja mmoja kama anayetafuta muhuri wake. Lakini Redio hazimiki kwa kukatika umeme tu.

— Marcellin mwenyewe atasema! alipiga paja. Wasia! Tunamurekodi leo kwa simu, kabla hajafa. Siku ya harusi tunaunganisha na bafle kubwa la sauti: "Watoto wangu, mi niko huku juu, ninawabariki." Kibenga yote italia mpaka watu wa Kajaga wasikie!

— Na Marcellin akiulizwa kule Lomé? niliuliza.

— Nani atakwenda Lomé kumuuliza mufu? Maji yakimwagika hayazoleki.

— Ndiyo maana mi natumia mafuta, alisema Buji, na wote wawili wakaona neno limekamilika.

Sijui tungefika wapi. Ninachojua ni kwamba Redio alikuwa tayari ameshika simu yake akiwaza jinsi marehemu atakavyokohoa, pale mama mmoja aliposimama mbele ya ile afishi. Alikuwa amevaa kitenge kizuri cha kutokea, lakini viatu vimejaa vumbi la mtu aliyetembea kwa hasira. Akaitazama kwa muda. Kisha akavuka barabara kuja kwetu.

— Ni yeye, Kashe alinong'ona. Mama Léoncie. Mama yake Orlane.

— Kilio tuanze sasa? aliuliza Buji.

— Ewe, nyamaza.

Mama Léoncie alitusalimu kwa heshima, akatupa mkono mmoja mmoja, tukampisha mahali pazuri, upande usio na tofali. Redio akakunja uso, akateremsha sauti.

— Karibu sana, mama mukwe. Umetukuta na huzuni. Baba mukubwa hali yake si nzuri.

— Hali yake ni nzuri sana, alisema Mama Léoncie. Nimetoka kumuona sasa hivi. Iko kwa repetisyo ya teatri yao, amepanda juu ya kiti, anamutukana Ilias.

Kama ardhi ingekuwa na mlango, Kashe angeingia bila kubisha. Mimi ndiye niliyepata ujasiri wa kuuliza:

— Ilias ni nani, mama?

Akanyoosha kidole kwenye afishi, kwa yule mwanamume wa pili, yule wa kuvuta kiti kutoka upande wa pili.

— Huyu. Mumuwekee ndevu nyeupe na fimbo, mutamujua.

Tukamwekea ndevu nyeupe na fimbo. Mungu wangu! Asubuhi nzima tulikuwa tumetazama kichwa kimoja tu. Huyo alikuwa mzee wa Kibenga, msemaji wa upande wa binti, yule mzee mkali aliyetutoa jasho siku ya doti, aliyetukataa mpaka tukakata tamaa, aliyemwita Marcellin "ndugu yangu wa uzee" na kumfuta machozi kwa kitambaa chake mwenyewe. Mimi binafsi nilimwinamia mtu huyo mpaka kiuno kikalia.

— Mi nilikuwa nakuja kuomba musamaha, alisema Mama Léoncie, na macho aliyaweka chini. Kwetu hatuna mutu wa kusema, tukamuchukua Ilias. Akavimba, akasema ni babu mudogo wa Orlane, na tukanyamaza, juu watu walikuwa wanapiga makofi. Bwana yangu tangu aone afishi juzi kule kwetu, halali. Anasema, wale ni watu wa heshima, baba mukubwa wao alilia mbele yetu, na sisi tumewapa mutu wa bandia! Leo nikaenda kumutafuta Ilias, nimulete hapa tuombe musamaha pamoja. Nikakuta wako wawili.

— Donc siku ile... Redio alianza.

— Siku ile walikuwa wanajifunza teatri yao, baba. Tulipika, tukavaa, tukawalipia nafasi ya kujifunza.

— Ndiyo maana ilikuwa tamu! alilipuka Buji.

Mama Léoncie hakucheka. Alivua kilemba, akajifuta uso nacho, akatutazama sote.

— Kitu kimoja tu munieleze, alisema. Wale wawili wiki ijayo wanapanda ndege. Sasa mutoto wangu aliombwa na nani? Na nani alimutoa?

Redio alirudisha simu yake mfukoni. Buji alianza kusugua grisi ya kwenye kidole ambayo iko pale tangu mwaka juzi. Mimi nilitafuta methali kichwani, na zote zilizokuja zilikuwa za nyoka. Swali lilikuwa dogo, hata mtoto wa darasa la kwanza angeliuliza.

Ndipo Kashe akasimama. Nimemjua mzee huyu tangu nywele zake zikiwa nyeusi na sijapata kumwona akisimama ili aseme.

— Mama Orlane, alianza, na sauti ikakatika. Akaanza upya. Mama Orlane. Mi ndiye baba yake Régis. Hakuna mutu alimubeba mugongoni wakati wa vita. Mama yake ndiye alimubeba, Mungu amurehemu. Mi nilibeba godoro. Angekuwa hapa angesema yeye, alikuwa anajua kusema. Mi sijui. Naomba mutoto wenu awe mutoto wetu. Ni hiyo tu.

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola. Mimi nilijifuta macho kwa kipande cha kitambaa, nasema ukweli, na safari hii hakuna aliyekuwa akinichezea teatri.

Mama Léoncie alijifunga tena kilemba chake.

— We muzee, alisema, hujui kusema kabisa.

— Ndiyo, mama.

— Ni sawa. Hata bwana yangu hajui. Amenituma mi, yeye amejificha pale nyuma ya duka la simu, anaogopa kuvuka.

Tukageuka. Kweli, kwenye pembe ya duka kulikuwa na mzee mwembamba mwenye koti, anachungulia, na kila tukimtazama anajifanya kusoma bei. Kashe hakungoja kusukumwa. Akavuka barabara mwenyewe, akamfikia, akampa mikono yote miwili. Yule mzee akaipokea. Wakasimama hivyo, mmoja akitazama viatu vya mwenzake, na hakuna aliyeachia.

— Wanasema nini? Redio aliuliza, shingo imemrefuka. Mi sisikii kitu. Wanasema nini?

— Hawasemi kitu, alisema Mama Léoncie. Wanapatana.