Chafya Iliyorudisha Tuzo

Jina la Mama Chafya marehemu hakupewa na wazazi. Alilipata ukumbini, siku alipomvua nguo mkubwa wake wa kazi bila kumgusa.

Alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, kitinda mimba wa mshona viatu. Shuleni alikuwa mpole, ila hasahau: aliyemnyang'anya kifutio darasa la pili alinyimwa keki siku marehemu alipoolewa.

Baada ya kusomea fiziolojia chuo kikuu, mwaka 1979 aliajiriwa katika maabara ya utafiti wa pumzi. Mwaka uliofuata aliolewa na seremala, aliyekubali kulala kwenye kitanda cha maabara, barakoa usoni, mashine ikichora pumzi zake. Mchana mmoja vumbi la mbao lilimwasha masharubuni, akapiga chafya. Mchoro ukaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto.

"Nimekuharibia, mke wangu?"

"Pumzi ni pumzi. Iache hivyo hivyo."

Mwaka 1986, chama cha wanafiziolojia kilimpa mkuu wa maabara tuzo ya utafiti bora. Michoro ilikuwa ya marehemu. Jina lake halikutajwa. Jukwaani mkuu akaulizwa ule mruko ni nini. Akajikohoza, akasema amegundua mwitiko mpya wa mapafu. Makofi yakalia. Marehemu akasimama, nyuma kabisa.

"Mzee, hapo mume wangu alipiga chafya. Huyu hapa, muulize."

Seremala akanyoosha mkono. "Kweli kabisa. Na samahani nilishaomba."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Uchunguzi ukafanywa, tuzo ikarudi kwa mwenye kazi, marehemu. Tangu hapo, kila siku ya tuzo ilipowadia, marehemu alimpelekea mkuu huyo leso mpya aliyoishona kwa mkono, ya kufutia pua.

Figo zilimsumbua tangu mwaka juzi. Aliaga dunia hospitalini Jumanne, tarehe 6 Februari 2024, akimwacha mume, mabinti wawili, wajukuu, na kaka yake, mwalimu mstaafu. Waliouliza kama alisamehe, familia inawajibu: hapana. Na apumzike kwa amani hivyo hivyo, maana haki yake aliidai akiwa hai.

Asubuhi ya Jumanne hiyo, angali hai, mkuu wa zamani wa maabara alifika wodini, machozi yakimlengalenga.

"Dada, nimekuja tuyamalize."

"Keti kwanza, kaka. Nina kazi mkononi."

Akashona pindo mpaka mwisho, akapiga fundo, akakata uzi kwa meno. Akaikunja leso mara nne, akamwekea kiganjani.

"Ya mwaka huu hiyo. Umeifuata mwenyewe."