Vifuniko Vinne kwa Pampu Moja

Mwangaluka, ndugu zangu. Nimeombwa nisimame niseme, na tangu asubuhi sijatulia. Majina sitayataja.

Mnajua nilimzika mume wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akipima dawa ya pamba. Enzi za ushirika dawa ilikuwa moja: vifuniko vinne vya chupa kwa pampu ya mgongoni, basi. Alipoondoka, wafanyabiashara walikuwa wameshaingia na chupa zao. Nikanunua dawa mpya, nikaweka vinne vilevile. Siku ya tatu majani yakakauka kama yamepitiwa na moto.

Sikujilaumu. Shemeji yangu akasema, "Hili ni jicho la yule bibi jirani. Tangu msiba anapita hapa kila siku." Sikumpinga. Watu wakaacha kumsalimia bibi. Vijana wakasema ahame kabla hajahamishwa. Mnajua maana ya maneno hayo huku kwetu.

Nikakosa raha, nikaanza kuushuku mkono wangu mwenyewe. Nakaa, nasimama. Mwisho nikabeba ile chupa hadi shuleni, darasa la sita, kwa mwalimu wa hesabu wa binti yangu, nikamkuta anafundisha. Akasoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa: kifuniko kimoja kwa lita ishirini.

"Mayu, mama yangu, pampu yako inachukua lita ngapi?"

"Kumi na tano."

"Basi vifuniko vingapi?"

"Kimoja. Nani atakata kifuniko?"

Watoto wakacheka. Akanipa chaki. Kumi na tano kwa ishirini ni robo tatu. Basi ni robo tatu ya kifuniko. Akasema nigawanye vinne vyangu kwa robo tatu. Nilifuta mara mbili. Jibu likatoka: nilizidisha zaidi ya mara tano. Nikamrudishia chaki yake.

Nikaenda moja kwa moja kwa shemeji, nikamkuta na wenzake. "Pamba nimeiunguza mimi."

"Hizo hesabu za shule."

"Chukua dawa yako, nenda shambani kwako. Mstari mmoja vinne, mwingine robo tatu."

Akafanya kwa ubishi. Mstari wa vinne ukakauka. Kesho yake alikwenda mwenyewe kumwamkia bibi.

Namshukuru mwalimu yule. Namshukuru na bibi. Nilipopiga magoti kumwomba radhi aliniuliza tu, "Imebaki mistari mingapi?" Akaja na jembe lake, tukapalilia iliyobaki.

Nililojifunza ni hili: ukikosea, sema upesi, kabla kosa lako halijabebeshwa mtu mwingine. Mimi nilichelewa siku kumi na moja. Bado nazihesabu.